Ataongea Tu

Nina miaka 26, sina mtoto, wala sijasomea udaktari. Nimemaliza sekondari hapa hapa Nyarugusu. Kazi yangu ni vijana: asubuhi nafungua kituo kwa ajili ya darasa la cherehani, jioni nashika filimbi uwanjani. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuniuliza: wewe Kocha, mambo ya watoto wadogo wanaochelewa kusema yanakuhusu nini? Miaka michache iliyopita ningejibu kwamba hayanihusu. Niliamini hivyo, na kwa kuamini hivyo nilimkosea mtoto mmoja. Ndiyo sababu naandika.

Swali langu ni hili. Ukiona kitu kwa mtoto wa mwenzako, kitu ambacho mama yake hajakiona au anaogopa kukiona, je, una haki ya kusema? Na je, una haki ya kunyamaza?

Mtoto huyo nitamwita Riziki, si jina lake. Mama yake alikuwa na miaka 19 alipoanza darasa la cherehani, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto alikuja naye. Wamama wengine nao walikuja na wa kwao. Tukatandika mkeka pembeni, watoto wakawa wanacheza hapo. Riziki alikuwa ametimiza miaka 2 na miezi kidogo. Mtoto mtulivu, mwenye akili ya mikono. Ukimpa vizibo vya soda anavipanga kwa rangi, vyekundu huku, vya kijani kule, na ukimharibia anavipanga tena. Wenzake kwenye mkeka walikuwa wanapigana kwa maneno: yangu, leta, toka, mama ona huyu. Riziki hakusema chochote. Akitaka maji anavuta sketi ya mama yake mpaka kwenye ndoo.

Siku moja mama yake akaniuliza, huku anakanyaga cherehani kana kwamba swali si kubwa: "Kocha, huyu mutoto hasemi bado. Ni kawaida?"

Nikamjibu: "Ataongea tu. Watoto wa kiume ndivyo walivyo. Hata mimi nilichelewa."

Akacheka, akaendelea kushona. Mimi nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema, kwamba leo nimetuliza moyo wa mtu.

Baada ya wiki chache, watoto wote walikuwa kwenye mkeka wakiangalia upande wa dirisha. Mimi niko nyuma yao, najaribu filimbi mpya. Nikapuliza kwa nguvu. Watoto wote wakaruka na kugeuka, mmoja akalia. Riziki akaendelea na vizibo vyake. Nikapuliza tena. Hata bega halikutikisika.

Niliona, na siwezi kusema kwamba sikuona. Lakini wiki hiyo hiyo vijana walipiga ngoma hapo nje, na Riziki akainua kichwa na kuangalia mlangoni. Nikajiambia: basi, anasikia, filimbi ilikuwa ni uchovu tu. Leo najua kwamba mtoto asiyesikia anaweza kuihisi ngoma kwa miguu, kwa sababu inatetemesha ardhi. Najua pia kwamba mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa na bado asisikie maneno. Lakini siku ile sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa natafuta ruhusa ya kunyamaza, na ngoma ikanipa.

Nikanyamaza zaidi ya mwaka mmoja. Riziki alipokaribia miaka 4 akapelekwa chekechea, na mwalimu akamwambia mama kwamba mtoto huyu haitiki, ni vizuri akapimwe. Wakapata rufaa, wakatoka nje ya kambi, akapimwa masikio. Hasikii. Kilichobaki ni kidogo sana. Mama alipoulizwa ndipo akakumbuka kwamba Riziki akiwa na miezi 6 alikuwa anatoa visauti vyake, ba-ba-ba, kama watoto wote. Kwenye mwezi wa 8 akashikwa na homa kali na degedege, akalazwa, akapona. Baada ya hapo visauti vikaisha kidogo kidogo. Wote walikuwa wanamshukuru Mungu kwamba amepona, nani angehesabu visauti? Aliambiwa kwamba homa ya namna hiyo, hasa ile ya uti wa mgongo, inaweza kuharibu masikio. Kama ndiyo yenyewe, hakuna aliyeweza kuapa.

Aliporudi alinikuta uwanjani. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu: "Kocha, wewe unakaa na batoto kila siku. Hukuona?"

Nikasema: "Niliona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Hapo sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nalitafuta.

Jibu la kwanza lililonijia ni lile la heshima. Mimi ni kijana wa kiume, sijazaa, nitamwambiaje mama wa mtu kwamba mtoto wake ana kasoro? Kwetu mtoto wa mwenzako humsifu, humkosoi. Jibu la pili ni subira. Wazee wanasema subira huvuta heri, na kila mtoto ana siku yake. Jibu la tatu ni huruma: huyu dada amekimbia vita, amefiwa na mume, analea peke yake kwa chakula cha mgao. Kwa nini nimuongezee mzigo?

Ni majibu mazuri, lakini nikiyachunguza kwa uaminifu naona kila moja linanilinda mimi. Heshima ilinilinda nisionekane mjuaji. Subira haikuwa yangu, ilikuwa ya Riziki. Yeye ndiye aliyekuwa anangoja, bila kujua kwamba anangoja. Na huruma ilinilinda nisiwe pale mama akilia. Ningesema nilichokiona, ingebidi nimsindikize, nikose mazoezi, nikakae naye kwenye benchi la kungojea. "Ataongea tu" ilinitoa mlangoni haraka. Faraja ile ilikuwa yangu, mama alipewa maneno tu.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya maneno yale. Nilisema "hata mimi nilichelewa." Ni kweli, nyumbani ni hadithi ya kila Krismasi kwamba Kocha alifika miaka 3 ndipo akaanza kusema sawasawa. Basi nikaenda kwa koko, mama yake mama yangu, aliyenilea, nikamuuliza: nilikuwaje wakati ule? Akanicheka.

"Wewe? Wewe ulikuwa unasema na mikono. Unanyoosha kidole kwenye ndizi, unaniangalia, unanyoosha tena. Nikisema leta kiatu cha babu unaleta kiatu cha babu, si cha mwingine. Nikikuita toka kwa jirani unakuja mbio. Ulichelewa kusema, mwanangu, hukuchelewa kuelewa."

Koko hajui kusoma, lakini alinifundisha kitu ambacho baadaye nilikisikia kwa wahudumu wa afya kwa maneno marefu zaidi. Kuna watoto wengi ambao maneno tu ndiyo yamechelewa. Wanasikia, wanaelewa, wanaonyesha kwa kidole, wanakuangalia machoni, na wengi wao huwafikia wenzao kabla ya shule. Na kuna watoto ambao kukosa maneno ni moshi tu, moto uko chini: masikio, au uelewa, au namna ya kuhusiana na watu, au kinywa kushindwa kupanga sauti. Kwa mbali wote wanaonekana sawa. Mimi nilitumia hadithi ya mtoto wa aina moja kumtuliza mama wa mtoto wa aina nyingine.

Kwa hiyo kabla sijaendelea na swali langu, niseme yale ambayo natamani ningekuwa nayajua siku ya filimbi. Mtoto wa mwaka 1 anageuka ukimwita jina, anatoa visauti vya ba-ba na ma-ma, anapunga mkono au anainua mikono abebwe. Kwenye miezi 18 ana maneno machache hata kama hayajanyooka, ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, na anaelewa ombi dogo bila wewe kumwonyesha kwa mkono. Akitimiza miaka 2 anaanza kuunganisha maneno mawili: mama kuja, maji hapana. Akifika 3, watu wa nyumbani wanaelewa mengi anayosema. Asipofanya hivyo haina maana kwamba ni mgonjwa. Maana yake ni kwamba aangaliwe, na masikio ndiyo yaangaliwe kwanza. Na kuna dalili moja isiyotakiwa kungojewa katika umri wowote: mtoto aliyekuwa na visauti au maneno, halafu yakapotea.

Baada ya Riziki, niliapa kwamba sitanyamaza tena. Na hapo nikakosea kosa la pili.

Karibu na kwetu kuna familia ya Warundi. Wana binti mdogo, wakati ule hajafika miaka 2 na nusu. Nilikuwa namsikia kwa Kiswahili maneno matatu tu: mama, hapana, mpira. Siku moja tuko kwenye foleni ya bomba, ndoo zimepangwa, wamama zaidi ya kumi wapo. Nikamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu anayejua: "Mama, huyu mtoto ana tatizo la kusema. Mpeleke mapema asije akawa bubu."

Nilifikiri nimetimiza wajibu. Mama hakujibu. Kuanzia siku ile akawa anachota maji alfajiri, wakati hakuna watu. Mtoto akawa haonekani nje. Baadaye nikasikia kwamba shangazi mmoja alimshauri apelekwe kwa mzee wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho wengine wetu tunakiita kilimi. Wakakata. Mtoto akatoka damu, koo likaoza, akalazwa siku kadhaa. Kukata kimeo hakumfanyi mtoto aseme, kunaweza kumuua.

Alipotoka hospitali nilienda kuomba msamaha. Nikiwa nimekaa mlangoni, yule binti akatoka ndani na kikombe, akamwambia mama yake: "Ndashaka maji." Nusu Kirundi, nusu Kiswahili, sentensi kamili. Mama yake akaniangalia, na macho yake yalinitosha. Mtoto alikuwa na maneno. Nyumbani alikuwa nayo kwa Kirundi, tele. Mimi nilihesabu yale ya lugha yangu tu, kisha nikampa jina bombani.

Hapa kambini mtoto mmoja anaweza kusikia Kibembe kwa koko, Kiswahili mtaani, Kirundi kwa jirani na Kifaransa shuleni kwa kaka zake. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Ila maneno yake yanagawanyika, na anayetaka kuyahesabu ahesabu ya lugha zote. Mama aliyeshauriwa aache lugha yake ili mtoto aseme haraka ameshauriwa vibaya.

Basi nina makosa mawili mkononi. Kwanza niliona nikanyamaza, na mtoto akapoteza zaidi ya mwaka. Pili niliona kidogo nikasema sana, na mtoto karibu apotee. Mtu anaweza kusema: funzo ni kwamba usijiingize. Nimelifikiria hilo, sikubaliani nalo. Kosa la pili halikuwa kusema. Kosa lilikuwa kwamba nilisema nisichokijua, mahali pasipofaa, kisha nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Ninachokijua ni kile nilichokiona. "Nilipuliza filimbi nyuma yake mara mbili, hakugeuka." Hayo ni yangu, nina haki nayo, na ninaamini mama ana haki nayo zaidi yangu, kwa sababu ni habari za mtoto wake zilizokaa mfukoni mwangu. Kumnyima ni kama kuokota kitambulisho cha mtu na kukaa nacho. Lakini "ni kiziwi," "ni bubu," "ana tatizo la akili," hayo si yangu. Hayo ni hukumu, na sikupewa kiti cha kuhukumu. Siku hizi nikiona kitu, naenda na dada mmoja wa kituo, tunakaa na mama nyumbani kwake, na tunaanza kwa kuuliza. Akiitwa kwa nyuma anageuka? Anaelewa lugha gani? Aliwahi kutoa maneno yakapotea? Mara nyingi mama anajua zaidi yetu. Alikuwa anangoja mtu wa kumuuliza bila kumcheka.

Mwenzangu mmoja wa kituo alinipinga kwa nguvu. Alisema: "Kocha, hapa hakuna mtaalamu wa usemi. Unampa mama jina la ugonjwa bila dawa. Ni sawa na kumwonyesha mwenye njaa picha ya ugali." Ni hoja nzito, na sikuweza kuijibu mwenyewe. Mama Riziki ndiye aliyeijibu. Tulikuwa tunazungumza kuhusu ule mwaka, akasema polepole, anaangalia chini:

"Nilikuwa nampiga, Kocha. Namwita, haji. Namkataza moto, anaenda. Nikafikiri ni kiburi cha baba yake. Nilimpiga sana. Kama ningejua, nisingempiga."

Hakuna dawa katika maneno hayo, hakuna mtaalamu, hakuna kifaa cha masikio. Kuna kujua tu. Na kujua kungetosha kuzuia fimbo. Kungetosha kumfanya mama akae mbele ya mtoto, amguse bega, amwangalie usoni, amwonyeshe kwa mikono. Kungetosha kunyamazisha watu waliosema ni laana au ni dhambi za mama. Na miaka ile ya mwanzo ndiyo ambayo mtoto anashika lugha kwa urahisi, iwe ya sauti au ya alama. Mtoto asiyesikia hangoji dawa ili awe na lugha. Anangoja watu watakaosema naye kwa lugha anayoweza kuiona. Ninapomnyima mama habari kwa sababu "hakuna msaada," nimeshaamua kwamba yeye mwenyewe si msaada.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mnaosoma kurasa hizi, nina maneno machache. Mtoto anapopimwa uzito, ulizeni pia kama anageuka akiitwa. Ulizeni lugha za nyumbani kabla ya kuandika kwamba hasemi. Msiulizie mambo haya mbele ya foleni. Na msiahidi. Mama akiandikwa kwenye fomu ya mahitaji maalumu, mtaani inageuka kuwa uvumi: wengine wanasema sasa atasafirishwa Marekani, wengine wanasema kesi yake itakwama. Mwambieni fomu ile ni ya nini na si ya nini. Fomu ikishajazwa, mtoto bado yuko pale kwenye mkeka.

Kwa sisi wakaazi, nasema hivi: neno kiziwi si tusi. Wenye hali hiyo hapa Tanzania wameliweka kwenye jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania. Tusi ni namna tunavyolitupa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walikuwa sahihi, lakini mtu hawezi kufunua mbele ya watu wanaocheka. Tukitaka mama wasifiche, sisi tuache kuangalia kama watu wa sinema.

Riziki sasa ana miaka 5. Kijana mmoja kiziwi, fundi viatu wa kijiji cha jirani, anamfundisha alama yeye na mama yake, Jumamosi mchana, na mimi huwa nakaa nyuma yao najifunza kama mtoto. Nasahau sana. Riziki ananirekebisha vidole kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao kwake. Wenzake wote amewapa majina kwa mikono. Mimi jina langu ni vidole viwili mdomoni na mashavu yaliyojaa hewa: mtu wa filimbi.

Mama yake alinisamehe, alisema hivyo mwenyewe. Lakini swali lake sijalirudisha, nimelibakiza kwangu, kwa sababu linanifaa kila ninapomwona mtoto aliye kimya kuliko wenzake. Sijui kama kila ninachokiona ni kitu. Mara nyingi si kitu, na mtoto anaongea tu, kama nilivyoongea mimi. Ila sitaki tena mama mwingine aniulize kama sikuona, na mimi nijibu kwamba niliona.